Kisigino cha Malkia

Anayefika kituo cha familia kwa mara ya kwanza humdhania mwanamke aliyekaa mlangoni kuwa mlinzi. Wengine humwona mfagiaji, wakamkabidhi mwavuli unaochuruzika maji bila hata salamu. Yeye huwa hajali. Anatazama miguu ya mgeni mara moja, chapuchapu, kisha anasema, "Karibu. Viatu hapa," na kumwonyesha rafu.

Rafu yenyewe ni ya mbao, imechongwa vishubaka arobaini na viwili, na kila kishubaka kimebandikwa picha badala ya jina, maana wenye viatu hawajui kusoma. Kuna kuku, kijiko, ndoo, samaki, ufunguo. Mtoto akianza kuja kituoni anachagua picha yake, na kuanzia siku hiyo hata ukimpa kishubaka cha dhahabu hataki. Kazi ya mwanamke huyu, kwa mujibu wa karatasi yake ya ajira, ilikuwa "kupokea na kupanga viatu vya watoto." Ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandika alikuwa amekaa ofisini. Kazi aliyoifanya hasa haikuandikwa popote.

Watu wote walimwita Mama Viatu, kuanzia mratibu wa kituo hadi vijana wakubwa waliokuja mchana kujifunza ushonaji na ufundi wa umeme kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa na tabia moja. Kila kiatu kilichopita mikononi mwake alikipindua, akakipitishia kidole gumba kwenye soli, kuanzia kisigino hadi mbele, ndipo akakiweka. Sekunde mbili, si zaidi. Na katika sekunde hizo mbili alikuwa ameshajua mambo ambayo mratibu, pamoja na fomu zake za kurasa sita, angeyajua baada ya mwezi.

Mtoto aliyevaa kulia kushoto na kushoto kulia, huyo mama yake ametoka alfajiri na amejivalisha mwenyewe; apewe pongezi, asirekebishwe mbele za watu. Soli yenye matope makavu ya jana na juzi, nyumba hiyo haina maji, muulize mama kama bomba lao limerudi. Soli iliyotokeza vidole kwa ndani kama vishimo vitano, mtoto amekua na kiatu hakijapata habari. Hapo Mama Viatu hakusema kitu. Chini ya rafu alikuwa na boksi la viatu vilivyoachwa na waliokua, na saa ya kwenda nyumbani mzazi alikuta kwenye kishubaka jozi nyingine, kubwa kidogo, imesuguliwa inang'aa.

"Mama Viatu, hivi sivyo vyetu."

"Ni vya kijiko. Nyinyi si kijiko?"

"Sisi ni kijiko, lakini..."

"Basi ni vyenu. Rafu haikosei. Kesho mapema."

Ungeweza kubishana na mwanamke yule kuhusu hali ya hewa au bei ya sukari, lakini si kuhusu rafu. Wazazi waliondoka wakiwa wameduwaa, na aibu haikupata nafasi hata ya kukaa.

Alifikaje pale mlangoni? Miaka kumi na saba kabla, alikuja akiwa mmoja wa akina mama waliohitaji kusaidiwa. Alikuwa amejifungua miezi saba nyuma, mume amekwenda kutafuta maisha na maisha yakamficha hukohuko, na yeye alikuwa amefika mahali ambapo mtoto akilia alimtazama tu kama redio ya jirani. Jirani ndiye aliyemkokota hadi kituoni. Mtoto alipokelewa ndani, akaimbiwa, akabebwa na mikono isiyochoka. Mama mtu alishindwa kuvuka kizingiti. Alikaa chini pale mlangoni katikati ya viatu vilivyotupwa ovyo, na kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya, akaanza kuvipanga viwiliviwili. Hakuna aliyemwambia aingie. Hakuna aliyemwambia aache. Siku ya tisa alikuta mtu ameweka kibao cha kukalia. Siku ya ishirini na kitu mwanawe alitoka ndani akitambaa, akashika kiatu, akakitia mdomoni, na yule mama akacheka kwa sauti, akashtuka mwenyewe kama aliyesikia mtu mwingine amecheka.

Tangu hapo hakuondoka. Mwanawe sasa ni fundi umeme na ndevu zake. Kibao ni kilekile.

Sasa, Malkia. Huyu alikuwa binti wa miaka miwili na miezi minane, picha yake ufunguo, na aliletwa kila asubuhi na baba yake, kwa kuwa mama yake alianza kazi kwenye kiwanda cha mikate jogoo hajawika. Jina la Malkia alipewa kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakutembea. Alibebwa kutoka nyumbani hadi getini, kutoka getini hadi mlangoni, ametulia begani kwa baba akitazama raia wake. Ya pili, kwenye chumba cha michezo, siku alizoamua kusimama, alikwenda kwa kuchuchumia mguu mmoja, kidole mbele, kama mwanamke aliyevaa viatu virefu anayeogopa kuanguka ukumbini. Walezi walicheka mpaka wakashika mbavu. "Malkia anapita!" Naye alicheka pamoja nao, maana alikuwa mtoto mchangamfu.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Si fundi wa kubahatisha. Alikuwa na kibanda karibu na stendi, na watu walivuka barabara mbili kumfuata. Viatu vya Malkia alivishona mwenyewe, ngozi ya kahawia, na kwenye kila kisigino alipigilia misumari mitatu midogo ya shaba iliyokuwa sahihi yake. Na vilikuwa safi, jamani. Kila Jumatatu vilikuja kama vimetoka dukani. Mama Viatu alivipindua, akapitisha kidole, na soli ikamwambia habari moja tu, kwamba mtoto huyu anapendwa. Alivipanga akiwa na furaha.

Kituo kilikuwa na kanuni yake, na kanuni hiyo aliileta Mama Viatu mwenyewe kwenye kikao cha wazazi. Mtoto ateremshwe getini, atembee mwenyewe hadi mlangoni. Hatua thelathini. Mratibu aliipenda hadi akachora nyayo za rangi kwenye njia. Ikawa kila mtoto anayefika mlangoni anapigiwa makofi. Wote walishuka, isipokuwa mmoja.

"Fundi," Mama Viatu alimwambia siku moja, "mtoto ana miguu huyu. Mteremshe."

"Analia, mama."

"Atalia, atanyamaza. Umemdekeza. Ukimbeba leo, utambeba hadi siku ya harusi yake."

Watu walicheka. Fundi naye alicheka, kwa haya, na akamteremsha. Malkia alisimama kwenye unyayo wa kwanza wa rangi, akainua mikono. "Beba." Baba alirudi nyuma hatua tatu kama alivyoelekezwa. Malkia alikwenda akiyumba, akaanguka, akanyanyuka, akaanguka tena kwenye unyayo wa tisa, akafika mlangoni magoti yamechubuka na makamasi hadi kidevuni. Walimpigia makofi. Mama Viatu alipiga kuliko wote. Ikawa hivyo kila asubuhi, kwa wiki tano.

Kisha kisu kikamteleza fundi, kikamkata kiganja. Mkono ulifungwa bendeji nene na kwa wiki tatu hakushika shazia, ile sindano yake kubwa ya ngozi, wala nyundo. Jumatatu ya kwanza viatu vya Malkia vilikuja na vumbi. Jumatatu ya pili vilikuja vimechoka. Jumatatu ya tatu Mama Viatu alipindua cha kushoto, akapitisha kidole, na kidole kikazama.

Mbele ya soli palikuwa pametoboka. Tundu la mwezi mchanga, ngozi imelika hadi ndani. Aliteremsha macho kwenye kisigino. Misumari mitatu ya shaba iling'aa. Hata alama za tupa ya fundi zilikuwepo bado, mistari myembamba, kama siku kilipotoka kibandani. Alichukua cha kulia. Kisigino kimelika vizuri, mbele kimelika vizuri, kiatu cha mtoto mwenye afya.

Alivishika vyote viwili mapajani. Mtoto huyu hakuwa amewahi kuweka kisigino cha kushoto chini. Hata siku moja. Hata zile asubuhi alizopigiwa makofi.

Hakutaka kupiga kelele kabla hajahakikisha. Aliinuka kwenye kibao chake, jambo lililofanya mlezi mmoja achungulie kuona kama kuna moto, akajaza maji beseni na kuliweka barazani. "Nani anataka kulowesha miguu?" Huna haja ya kuwauliza watoto swali kama hilo mara mbili. Walikuja wote, wakachovya, wakatembea kwenye saruji kavu mmoja baada ya mwingine, wakipiga mayowe kila walipogeuka na kuona miguu yao imebaki nyuma. Nyayo ndogo, nono, kamili, zikajaa baraza. Malkia akawa wa mwisho. Alichovya, akaenda akishikilia ukuta.

Mratibu alitoka ofisini kuuliza maji yanamwagwa kwa nini. Mama Viatu alimshika mkono, akamwinamisha. Mguu wa kulia: kisigino, unyayo, vidole. Wa kushoto: vidole vitano na kipande cha mbele, basi. Wa kulia mzima. Wa kushoto nusu. Mstari mzima hadi mwisho wa baraza ulikuwa hivyo, sawasawa, hatua kwa hatua, kama umeandikwa na mtu asiyetaka ubishi.

"Mungu wangu," mratibu alisema taratibu. "Na sisi tulikuwa tunacheka."

Walisimama pale wawili hao, mwenye digrii na mwenye kibao, wakitazama nyayo zinavyokauka juani, za Malkia kwanza kwa kuwa zilikuwa na maji machache. Mratibu alikimbilia simu yake akapiga picha nyayo mbili zilizobaki.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa akitembelea kituo mara tatu kwa mwaka. Kwa bahati, au sijui tuiiteje, alikuwa anakuja Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Baada ya hapo angerudi miezi minne baadaye. Mratibu alieleza alichokijua: msuli wa nyuma ya mguu ukikaza utotoni huweza kunyooshwa, lakini ukiachwa unafupika mtoto anavyokua, na ukishafupika ni kisu cha hospitali, na hata kisu hakiahidi. Miezi minne kwa mtoto wa umri ule ni mingi. Ilibidi baba akubali.

Fundi alipokuja saa ya kuchukua watoto, Mama Viatu alimpa viatu mkononi vikiwa vimepinduliwa.

"Tazama, fundi."

Alitazama, akatabasamu kwa uchovu. "Najua, mama. Mkono huu ndio umenichelewesha. Anaburuza mguu, utundu tu. Bendeji ikitoka Jumamosi, Jumapili nitatia kiraka."

"Haburuzi. Hafiki chini. Mguu una tatizo, na Alhamisi anakuja mtaalamu."

Uso wa fundi ulibadilika. Wazazi wengine walikuwa wakipita, wakitega masikio. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi ndiye fundi viatu hapa. Soli ni kazi yangu. Mwanangu si kilema."

"Sijasema kilema."

"Soli za mji huu wote nazisoma mimi!"

"Za watu unazisoma. Hii umewahi kuisoma, au unaitibu tu?" Aliona amemchoma, akashusha sauti. "Nijibu moja, baba. Cha kushoto umekitia kiraka mara ngapi?"

"Mwanzoni mara mojamoja, sasa kila Jumapili."

"Na cha kulia?"

Ungemwona fundi anavyohesabu nyuma, Jumapili moja moja, akitafuta hata moja ya kujiokoa. "Cha kulia," alisema, "cha kulia sijawahi."

"Na mimi," alisema Mama Viatu, "mimi ndiye niliyekwambia umteremshe. Mtoto alisema beba, nikasema anadeka. Nimekaa hapa miaka kumi na saba najiona najua. Nisamehe."

Fundi alimnyanyua binti yake, akaviweka vile viatu mfukoni, akaondoka. Hakuaga. Jumanne hakuja. Jumatano kishubaka cha ufunguo kilikuwa kitupu vilevile, na Mama Viatu alikipangusa vumbi mara nne, vumbi ambalo halikuwepo.

Alhamisi mtaalamu alifika na begi lake, mwanamke mwembamba asiyependa kupoteza muda, akaona watoto sita. Ilipofika saa tano akaanza kufunga begi. Mama Viatu alikuwa ameshatoka kwenye kibao, amesimama getini kabisa, shingo nje, akitazama barabara kushoto na kulia. Ndipo akamwona fundi anakata kona, amembeba Malkia begani, mbio, na mkono wenye bendeji umeshika kopo la maziwa la zamani.

Hakumteremsha getini. Mama Viatu hakumwambia amteremshe. Yeye mwenyewe alinyoosha mikono akampokea Malkia na kumbeba hatua zote thelathini, juu ya nyayo zote za rangi, na kama kuna mtu aliyekuwa na neno kuhusu kanuni, alilimeza.

Ndani, mtaalamu alimlaza mtoto, akaukunja mguu taratibu, akaunyoosha, akaugusa mkono wa kushoto pia, akauliza alizaliwaje, alikaa lini, alisimama lini. Fundi alijibu yote. Mtaalamu alipouliza tatizo lilianza lini, fundi alifungua lile kopo, akalimimina mezani.

Fundi viatu hatupi ngozi. Kila anachokata anakiweka, kitafaa kuwa kiraka cha kingine. Vipande vilivyomwagika, alivyokuwa akivikata kila alipotia kiraka, vilikuwa vidogo kama kucha ya dole gumba, kila kimoja kimelika kwa umbo la mwezi mchanga. Alikuwa ameyatoa makopo yote ya kibanda chake, usiku na mchana, akachambua chakavu za miaka, akatafuta za ngozi ya kahawia. Vilikuwa kumi na vinne. Alivipanga mstari kwa mkono wake mzima, kutoka cha zamani hadi cha juzi.

"Vyote vya kushoto," alisema. "Cha kwanza hiki, alipoanza kusimama. Hiki ni cha mvua. Hivi vitano vya mwisho," akasita, "ni tangu tulipoanza kumteremsha. Ona vilivyolika."

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Alikiinua kipande kimoja kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha, akainua kingine. Mama Viatu, aliyeamini ameona kila kitu ambacho kiatu kinaweza kusema, alisimama amembeba tena mtoto, akatazama mwaka mzima wa maisha ya binti huyo umelala mezani, Jumapili kumi na nne za baba anayependa asichokiona.

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini na mbili," mtaalamu alisema. "Wazazi huniambia 'tangu zamani kidogo.' Sijawahi kuletewa kitu kama hiki." Kisha akamtazama fundi usoni. "Umewahi. Msuli bado unanyooka. Lakini kazi iko kwako, kila siku, asubuhi na jioni."

Kazi ilikuwepo kweli. Mguu ulinyooshwa mara mbili kwa siku, Malkia akipinga kwa sauti ya kuitisha mkutano. Kilikuja kifaa cha plastiki cha kushika kifundo cha mguu, na kifaa hakikuingia kwenye kiatu chochote cha dukani, kwa hiyo fundi alikaa na kalibu yake, lile gogo la umbo la mguu, wiki nzima, akashona kiatu kipana upande mmoja ambacho kwa nje kilifanana na mwenzake kabisa. Mtaalamu alipokiona alimwagiza vingine vitatu kwa ajili ya watoto wengine. Nyayo za rangi zilibaki kwenye njia, ila mratibu aliongeza kibao cha maandishi: "Ukichoka, sema." Watoto hawakukisoma, bila shaka. Wazazi walikisoma.

Miezi ilipita, mtaalamu akaja na kurudi. Kila Jumatatu Mama Viatu alipindua kiatu cha kushoto, akapitisha kidole, na kisigino kikawa kilekile, kigumu, kipya, misumari mitatu iking'aa. Hakumwambia mtu alichokuwa anakisubiri. Kulikuwa na asubuhi alizokipitisha kidole mara mbili.

Ikafika Jumatatu moja katika mwezi wa nane tangu mazoezi yaanze. Fundi alifika getini akamteremsha binti yake, au tuseme binti alijiteremsha, akimsukuma baba kifuani. "Mimi mwenyewe." Alikuja kwenye njia akikanyaga kwa hasira ya mtu mwenye haraka, akipitiliza nyayo za rangi bila kuzitazama, maana ndani kulikuwa na ngoma na mwenzake angeiwahi. Alivua viatu mlangoni, akavitupa, akaingia.

Fundi alibaki amesimama. Mkono wake ulikuwa umepona zamani, na kila mtu alijua ana gundi, ana uzi, ana Jumapili zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi."

"Hicho cha kushoto," alisema, "sijakigusa."

Mama Viatu alikiokota, akakipindua. Kisigino kilikuwa kimelika. Kidogo, upande wa nje, lakini kimelika. Alama za tupa hazikuwepo tena, na msumari mmoja wa shaba ulikuwa umesagika hadi ukawa bapa. Alipitisha kidole gumba, akakirudisha, akakipitisha tena. Akamwangalia fundi, na fundi naye alikuwa anatazama juu kwenye dari kana kwamba kuna kitu cha maana sana huko.

Siku ile viatu vyote vilipangwa kama kawaida, soli chini. Cha Malkia cha kushoto alikiweka safu ya juu kabisa, soli juu, kisigino kikitazama mlango. Mchana mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe alikiona, akanyoosha mkono.

"Mama Viatu, hiki kimepinduka."

"Kiache hivyohivyo," alisema. "Njoo kwanza ukione."